Gari likizima kwenye sailensi: uliza kabla ya kununua spea

(Mazungumzo baada ya habari, kama yalivyosomwa redioni juma hili)



Leo naomba tuzungumzie ugonjwa mmoja wa magari ambao wengi wenu mnaujua, hata kama hamjui jina lake. Gari linawaka asubuhi bila matatizo. Barabarani linakimbia vizuri. Lakini ukifika kwenye taa za barabarani, ukaondoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka mara mbili, mara tatu, kisha kimya. Nyuma yako honi za daladala zinalia kama zimeshonwa pamoja. Unawasha tena, linawaka. Unaondoka. Kwenye taa zinazofuata, mambo ni yale yale.

Mafundi wetu husema gari hilo "halina sailensi". Sailensi ni ule mngurumo wa taratibu wa injini wakati mguu wa dereva hauko kwenye mafuta. Kwa magari mengi madogo ya petroli ambayo injini imeshapata moto, mngurumo huo ni mizunguko kati ya 600 na 900 hivi kwa dakika.

Nimechagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha. Ugonjwa huu umewafilisi watu, kwa kuwa dalili yake ni moja lakini vyanzo vyake ni vingi, na aghalabu fundi asiyejua chanzo hubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka mwenye gari aishiwe. Sababu ya pili ni uhai. Hii nitaieleza kwa kisa kilichonikuta mwenyewe, mama yangu mzazi akiwa katika kiti cha nyuma.

Kwanza tuelewe sailensi yenyewe. Injini ya petroli inahitaji mambo matatu: hewa, petroli na cheche ya moto wa plagi. Hewa na petroli lazima vichanganywe kwa kipimo. Kipimo kizuri ni uzito wa hewa karibu mara 14.7 ya uzito wa petroli. Hewa ikizidi sana, moto haushiki. Petroli ikizidi sana, plagi zinalowa na kushika masizi.

Injini ikiwa kwenye sailensi, kilango cha hewa, yaani lile bati dogo la duara linalofunguka unapokanyaga mafuta, kimefungwa karibu kabisa. Injini inapumua kwa upenyo mwembamba mno. Nguvu inayoitoa inatosha tu kujizungusha yenyewe na kuzungusha alteneta, pampu ya usukani na labda kiyoyozi. Hakuna ziada. Ni kama mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hadi siku: akipata homa ya siku moja tu, jikoni hakuwaki moto. Gari likiwa mwendoni lina akiba. Ndiyo maana kasoro ndogo inaweza kufichika kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, halafu ikajitokeza pale gari linaposimama.

Hapo ndugu msikilizaji pana jambo kubwa la kushika. Ikiwa gari linapanda mlima bila kukwama, linapita malori bila kusita, na linazima tu likisimama, basi pampu ya petroli si mtu wa kwanza kumshtaki. Pampu inayoweza kulisha injini iliyo kwenye mizunguko 3,000 itashindwaje kulisha injini iliyo kwenye mizunguko 700? Sisemi haiwezekani kabisa. Nasema haiwi ya kwanza.

Sasa kisa changu. Gari langu ni dogo, la petroli, la gia za mkono, lililotumika ng'ambo kabla ya kufika kwangu. Lilipoanza kuzima kwenye taa, nililipeleka kwa fundi mmoja. Jina lake halina kazi katika mazungumzo haya. Hakuniuliza linazima lini wala wapi. Alifungua boneti, akasema plagi zimekufa. Tukabadilisha plagi nne. Baada ya siku mbili likazima tena.

Safari ya pili alichomeka kompyuta ya kupimia. Ikatoa namba P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Akasema sensa ya oksijeni imeharibika. Tukabadilisha sensa. Namba ikarudi. Safari ya tatu akasema kama hewa ni nyingi, basi petroli ni kidogo, na kama petroli ni kidogo, basi pampu imechoka. Tukabadilisha pampu. Mwishowe akachukua bisibisi, akapandisha sailensi, injini ikawa inavuma kama mashine ya kusaga. Kwa wiki mbili gari halikuzima, nami nikashukuru.

Nilipopiga hesabu, pamoja na ufundi, zilikuwa zimekwenda shilingi laki tano. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya mama, aliyekuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili na alikuwa akisubiri kupasuliwa. Ilibidi asubiri mwezi mmoja zaidi. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba amekwisha kuzoea ukungu.

Mwezi ulipokwisha nikaenda Iringa kumchukua. Tulipokuwa tunarudi Dar es Salaam, tukaipita Ilula, tukaanza kuteremka mlima wa Kitonga. Anayeujua Kitonga hahitaji kuelezwa: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori marefu yanatambaa kama jongoo. Nami, kwa kutaka kuokoa petroli, nikafanya kosa ambalo madereva wengi hulifanya kila siku. Nikatoa gia, nikaweka fri, nikaliacha gari lijiteremkie.

Nikakanyaga breki mara ya kwanza. Injini ikatetemeka. Nikakanyaga tena, na mama akasema kutoka nyuma, "Mwanangu, mbona gari lako limenyamaza?" Yeye haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Mimi niliye na macho sikuwa nimetambua. Papo hapo usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba, na pedeli ya breki ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalisogeza gari kwenye kipande cha pembeni ambapo lori moja lilikuwa limeegeshwa. Tulisimama kiasi cha hatua tano kutoka kwenye tela lake.

Chini ya lori hilo alikuwa amelala mzee mmoja fundi, akishughulikia breki. Akatoka, akajipangusa mikono, akamsalimu mama kwanza. Halafu, kabla hajagusa boneti, akaanza kuniuliza.

"Linazima likiwa la baridi au la moto?"

Nikamjibu, "Lolote, mzee."

"Linakatika ghafla kama umezima kwa ufunguo, au linahangaika kwanza?"

"Linahangaika."

"Ukikanyaga breki, hali inakuwa mbaya zaidi?"

Hapo nikanyamaza kidogo. Nikakumbuka taa za barabarani. Kila lilipozima, mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Nikakumbuka pia kwamba kwa wiki kadhaa breki zilikuwa zimeanza kuwa ngumu, nami nikadhani ni uchovu wangu.

Akaniagiza niwashe. Akainamisha sikio kwenye injini kama daktari. Kisha akachukua plaizi, akazizungushia kitambaa ili zisikate mpira, akabana bomba moja nene la mpira. Injini ikatulia palepale. Akaachia, ikaanza kutetemeka. Akabana tena, ikatulia. Akanigeukia akasema, "Bwana, ugonjwa wako huu hapa."

Bomba lile hutoka kwenye injini kwenda kwenye kile chombo cha duara, kipana kama sufuria, kilicho nyuma ya silinda ya breki. Mafundi wengi hukiita haidrovaki. Kazi yake ni kutumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu wa dereva. Katikati ya bomba kuna valvu ndogo inayohifadhi mvuto huo, ili hata injini ikizima, dereva abaki na msaada wa kukanyaga breki mara moja au mbili. Bomba langu lilikuwa na ufa mwishoni, upande wa haidrovaki. Kwa hiyo ufa mmoja ulikuwa unafanya maovu mawili: kuingiza hewa kwenye injini mpaka izime, na kuiba akiba ya breki.

Laki tano zangu zilinunua plagi, sensa na pampu. Hakuna hata kimoja kilichougusa ufa ule.

Tuurudie ufa huo, maana ndio ufunguo wa mada. Katika magari mengi ya kisasa, hewa inayoingia kwenye injini hupita kwenye kipimo kilichowekwa karibu na chujio la hewa. Kipimo hicho ni mfano wa kituo cha forodha. Kinahesabu hewa, kinaiambia kompyuta, na kompyuta inaamuru petroli itolewe kwa kiasi hicho. Hewa inayoingilia kwenye ufa ulio mbele ya kipimo ni mali ya magendo, imepita njia ya panya. Haikuhesabiwa, kwa hiyo haikutolewa petroli yake. Mahali ambapo forodha inahesabu magunia 100 kwa siku, gunia moja la magendo si kitu. Lakini mahali ambapo yanapita magunia matatu tu, gunia moja la magendo linavuruga hesabu yote. Sailensi ndiyo siku ya magunia matatu.

Na ile sensa ya oksijeni iliyotupwa? Ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema kweli kwamba hewa imezidi. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini mimi nilimuua mjumbe, tena nikalipa gharama za mazishi.

Sasa basi, mwenye gari afanye nini? Aanze na maswali, na majibu yake ayaandike kwenye karatasi kabla ya kwenda gereji.

Linazima ghafla kama limezimwa kwa ufunguo? Elekea kwenye umeme: vichwa vya betri vilivyolegea au kushika kutu, waya, koili, au sensa ya mzunguko wa injini. Sensa hii mara nyingi husumbua ikipata moto, na gari halikubali kuwaka mpaka lipoe.

Linahangaika na kutetemeka kabla ya kuzima? Elekea kwenye hewa na petroli.

Linazima likiwa la baridi tu? Angalia sensa ya joto la injini na ile valvu ndogo inayotawala hewa ya sailensi. Na kwa gari la kabureta, angalia choki.

Linazima ukiwasha kiyoyozi au ukikata usukani wote? Injini imeongezewa mzigo nayo haikuongezewa hewa. Kilango cha hewa huenda kimeshika masizi, au valvu ya sailensi imekwama.

Ni la gia za otomatiki, nalo linazima kila linapokaribia kusimama, kwa mshtuko, kama gari la gia za mkono ambalo dereva amesahau kukanyaga klachi? Basi gia nazo zikaguliwe, tusiilaumu injini peke yake.

Linazima ukikanyaga breki? Hilo nimekwisha kulieleza. Usilipeleke popote kabla ya kukagua haidrovaki na bomba lake.

Na swali la mwisho, ambalo ni la aibu kidogo: lilianza lini? Kama lilianza siku ile ile lilipotoka gereji, basi huenda kuna bomba lililosahauliwa kurudishwa. Au betri ilitolewa, au kilango cha hewa kilisafishwa, na kompyuta inahitaji kujifunza upya kipimo chake cha sailensi.

Baada ya maswali ndipo ukaguzi, nao uanze na visivyo na gharama. Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, usikilize kama kuna sauti ya mluzi au mfyonzo. Jihadhari na feni na mikanda. Nguo pana, tai na ushungi vikae mbali. Angalia mabomba yote madogo ya mpira, hasa kwenye ncha zake, maana joto huyakausha mpaka yapasuke. Kifuniko cha oili kiwe kimekaza. Chujio la hewa lisiwe limeziba kwa vumbi. Fundi abane mabomba moja moja, kama alivyofanya mzee yule. Wapo wanaotafuta ufa kwa kunyunyizia petroli kwenye injini ya moto. Huko ni kuchezea maisha. Cheche moja inatosha kuteketeza gari na watu.

Kisha vya gharama ndogo: kusafisha kilango cha hewa kwa dawa yake, na kufungua plagi kuzitazama. Plagi hutoa ushahidi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu, hali ni njema.

Mwisho kabisa ndipo pampu, sensa na valvu, tena baada ya kupimwa. Msukumo wa petroli una geji yake ya kuupimia. Fundi akisema pampu imekufa, muulize kwa adabu, "Fundi, msukumo umesoma ngapi?" Kama hana jibu, basi anabahatisha kwa fedha zako.

Wenye bajaji, pikipiki na magari ya zamani ya kabureta, kwenu mara nyingi chanzo ni kile kitundu chembamba cha kabureta kinachopitisha petroli ya sailensi. Chembe moja ya uchafu, au tone la maji kwenye petroli, hukiziba, na chombo kikakubali kwenda mbio lakini kikakataa kusimama. Kisafishwe, kisitobolewe kwa waya mgumu, maana kitundu kikitanuka hakirudi.

Na lile la kupandisha sailensi kwa bisibisi? Ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya maumivu. Kichwa kitatulia, lakini malaria itaendelea. Mimi nilipewa wiki mbili za utulivu, na wiki hizo zilinipeleka mpaka Kitonga.

Kuhusu kuteremka kwa fri, naomba tuliache kabisa. Magari mengi yanayopuliza petroli kwa nozeli hukata petroli yenyewe unapoteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta. Ukiweka fri, injini inalazimika kunywa petroli ili isizime. Kwa hiyo huokoi kitu. Tena umeikosa breki ya injini, na maisha ya abiria umeyakabidhi kwa sailensi ambayo huenda ni mbovu.

Kesho asubuhi, kabla hujaondoka nyumbani, fanya jaribio hili la dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, haidrovaki haipati mvuto wake. Gari hilo lisiende safari.

Mzee yule alikata ile ncha iliyopasuka, akalirudisha bomba, akalikaza kwa klipu, akanifanyisha jaribio hilo hilo mara tatu. Pedeli ikazama mara zote tatu. Akaniambia kwamba dawa ile ni ya kunifikisha tu, na kwamba nikifika ninunue bomba jipya la kazi hiyo, si mpira wa maji. Akataka shilingi elfu kumi. Bomba jipya lilinigharimu elfu ishirini na tano.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza wiki iliyofuata. Siku alipotolewa bandeji nilimpeleka nyumbani kwa gari lile lile. Tuliposimama kwenye taa, injini ikiunguruma kwa utulivu, aliuliza kama siku hizi halinyamazi. Nikamwambia halinyamazi, mama. Akasema, "Basi fundi yule alikuwa na masikio."

Ndugu msikilizaji, ukitafuta fundi, mtafute mwenye masikio. Anayeuliza maswali matano kabla ya kuagiza spea moja hapotezi muda wako. Huenda anaokoa fedha ulizoziwekea jambo lingine.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia safari njema.